Sikio la Watasema

Nansio, 4 Mei 2025

Mpendwa binti yangu Hellen,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua wakati wa kuinuka. Wewe na wenzako hapo kliniki ya mifugo mnaendeleaje? Barua hii nampa Bernadeta, kesho anapanda meli na dagaa wake wa kuuza Mkuyuni. Kwenye simu nasikia nusu tu, na haya nataka uyapate yote.

Mbwa wetu Watasema amefungwa kwa jirani yetu Yeremia, leo siku ya tano. Yeremia anadai ni mbwa wake, eti alimpotea akiwa mdogo. Mbwa aliyepewa jina na marehemu mama yako! Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniuliza alama yake iko wapi. Nikasema ni chipu, iko ndani ya ngozi, haionekani. Walicheka wote waliokuwepo, Hellen, mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Mimi nilitaka achorwe herufi za jina langu sikioni kwa wino. Wewe ukaja Pasaka na sindano yako, ukasema herufi ni mambo ya zamani. Sasa nifanyeje?

Baba yako

Mkuyuni, 9 Mei 2025

Baba shikamoo,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi sijambo. Pole sana, na usinikasirikie. Wino hufifia, na yeyote anaweza kuchora juu yake. Chipu ina namba isiyofanana na nyingine, na kwenye daftari letu namba hiyo ina jina lako. Tatizo ni mashine ya kuisomea. Tunayo moja tu, na daktari haruhusu itoke. Mlete Watasema huku kwa meli, dakika moja tutakuwa tumemaliza.

Mwanao Hellen

Nansio, 13 Mei 2025

Hellen,

Marahaba. Habari za magoti ziache kwanza.

Nimlete vipi mbwa aliyefungwa kwenye nguzo ya mtu? Nimwibe? Nyie wasomi mna majibu mepesi mno.

Na kuna jipya. Jana Yeremia alipita naye mbele ya nyumba yangu, sikio la kulia limevimba. Ndani yake kuna wino: Y.M., yaani Yeremia Masele. Amechorwa na yule fundi wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, anayewachora wavuvi mikono. Unajua nani alimpa Yeremia habari za fundi huyo? Mimi. Kabla ya Pasaka nilijisifu kwake kwamba nimempata mtu wa kumchora mbwa wangu. Mdomo wangu huu!

Mwenyekiti amelitazama sikio, akasema, "Mzee Nestory, hapa maneno yamekwisha."

Tangu mama yako atutoke, ni Watasema peke yake anayenisindikiza shambani. Sasa naenda mwenyewe, narudi mwenyewe, na nyumba kimya. Naumia, Hellen. Niambie hiyo chipu inanisaidia nini.

Baba yako

Mkuyuni, 20 Mei 2025

Baba shikamoo,

Nimebishana na daktari mpaka nimelia. Amenipa mashine kwa siku moja. Nakuja Jumamosi na daftari. Mwite mwenyekiti, na wote waliocheka.

Mwanao Hellen

Nansio, 11 Juni 2025

Binti yangu Hellen,

Marahaba. Natumaini hujambo, na daktari ameacha kununa. Mimi ni mzima, hata magoti yametulia.

Siku ile ulinifurahisha, sikatai. Mashine ilipolia begani kwa Watasema na namba ikalingana na ya kwenye daftari, Yeremia alifungua kamba mwenyewe. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Lakini wewe ulirudi na mashine yako, sikio likabaki hapa. Watu hawana mashine, wana macho. Wiki iliyopita watu watatu waliniuliza kwa nini nafuga mbwa wa Yeremia. Juzi alizurura mpaka karibu na soko. Akaokotwa na mama mmoja wa kwaya, mtu mwema kabisa. Akalifunua sikio, akaulizia Y.M. ni nani, akampeleka kwa Yeremia.

Nilipofika nilimkuta Watasema anakula ugali pale pale alipokuwa amefungwa. Yeremia ananitazama tu, anatabasamu. Ikabidi nimwombe anipe mbwa wangu. Nilimwomba, Hellen, kisha nikasema asante!

Ukija Krismasi usiniletee maelezo. Sikio la kushoto bado halijaandikwa kitu. Lete wino.

Baba yako