Pasi Niliyompa Neema

Shikamoo mama,

Huku London mvua haikatiki, na mimi hata chai hainishuki. Jana timu yetu ya Italia imetolewa kwenye mashindano ya Ulaya, na aliyeiponza ni mwanao. Unamkumbuka Neema, tuliyecheza naye Italia mpaka klabu ya hapa ikamnunua. Dakika za mwisho nikamwona anakimbilia palepale alipozoea, mguu ukampa mpira kabla sijakumbuka kuwa jezi yake si yetu tena. Akafunga. Hakushangilia, alijifunika uso tu. Wenzangu hawanisemeshi. Wazuri wote wananunuliwa, sijui tunabaki kucheza na nani.

Mungu akutunze, mama. Kashata ulizomtumia Neema ninarudi nazo. Bao nililompa linamtosha.

Mwanao, Zuhura