Kufuli Ambalo Wabwire Hakulifunga

Jinja, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa, Mzee Wangila,

Mulembe, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri hapo Nakaloke, goti halikusumbui sana, na mvua inayoteremka kutoka mlima Wanale haijaharibu maharagwe ya Mama. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kanisani naenda, kwa hiyo mwambie Mama asifunge kula kwa ajili yangu kana kwamba niko vitani.

Najua utashangaa kupata barua na hali simu unayo mfukoni. Lakini kwenye simu, Baba, wewe unaniuliza kama nimekula, nikijibu tu unakata. Neno la leo linataka usome hadi mwisho. Nimempa Wasike alete kwa mkono wake anaporudi huko kesho, na nimemkataza kukusimulia chochote. Kama ameshasimulia, utajua mwanao wa kiume ni mtu wa namna gani.

Kwa kuwa kiwanda chenu cha mafuta ya kula hapo Mbale na hiki chetu ni vya tajiri mmoja, nasikia habari zimeshawafikia kwamba fundi wa umeme amekufa Jinja. Hakufa. Nilikuwapo, na nataka uyasikie kwangu jinsi yalivyokuwa.

Aliyepigwa na umeme ni Wabwire, yule Mkenya wa Busia niliyekwambia kwamba katika mafundi wetu hana mwenzake. Cheti anacho, mafunzo ya usalama alipita vizuri kuliko mimi, na ndiye aliyenizungusha kiwandani siku zangu za mwanzo akanionyesha kila swichi inalisha mashine gani. Sitaki umfikirie kama mtu mzembe.

Siku hiyo, mchana, stima ilipotea kiwanda kizima. Pampu moja ya mafuta ilikuwa inasumbua tangu asubuhi, na Wabwire akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuirekebisha. Akafungua boksi la pampu, akaingiza mkono. Swichi ya ukutani hakuizima. Hakuifunga kwa kufuli, hakutundika kibao cha kuonya kwamba kuna mtu kazini, na testa ya kupimia umeme ilibaki mfukoni mwake. Nilipopita hapo nikamwuliza kufuli liko wapi. Akacheka. "Bev, stima yenyewe haipo. Nifunge nini?"

Nikamwambia atoe mkono aningoje, nami nikaenda mbio ofisini kuchukua kufuli, maana siku zile makufuli yote yalikuwa yanakaa kabatini kwa meneja kama sahani za wageni. Sikufika hata mlangoni. Upande wa pili wa ukuta yuko Taban, mwangalizi wa jenereta, na Taban alifanya kazi yake ya kila siku: umeme ukipotea, anawasha. Hakuona kufuli wala kibao, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mtu ndani.

Nilisikia jenereta ikinguruma nikageuka. Wabwire alikuwa amenata kwenye boksi, mwili wote unatetemeka, mdomo wazi na sauti haitoki. Abdu wa stoo alikuwa karibu naye zaidi yangu, ameshanyoosha mikono amvute. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Abdu, usimguse! Usimguse!" Akasimama palepale. Nikaifikia swichi ya ukutani, nikaivuta chini, na Wabwire akaanguka sakafuni kama gunia la pamba.

Hakuwa anapumua. Nikaanza kumkandamiza kifua kama tulivyofundishwa, kwa nguvu hata nikadhani nimemvunja mbavu, na Abdu akawa anamwinua kidevu na kumpulizia pumzi kila nilipomwambia. Sijui ilichukua muda gani. Watu walikuwa wametuzunguka, wengine wanaomba, mama mmoja wa kufunga mitungi analia kwa Lusoga. Mimi nilikuwa naona kifua tu. Halafu Wabwire akakoroma, akavuta hewa kama mtu anayeibuka kutoka majini. Baba, ule mkoromo ulikuwa mtamu kuliko kwaya yoyote.

Alikaa hospitalini muda mrefu. Kiganja cha kulia kimeungua vibaya, vidole viwili havikunjiki tena, lakini moyo unakwenda sawa na mke wake amempata akiwa hai. Nilipokwenda kumwona aliniambia jambo ambalo silisahau. "Nilijua, Bev. Sheria zote nilizijua. Siku ile nilijiona nimezizidi."

Taban naye aliumia kwa njia yake. Alikataa kabisa kuigusa jenereta, akawa anakaa nje karibu na geti, anamwambia kila anayepita kwamba ameua mtu. Tulimpeleka hospitalini amwone Wabwire kwa macho yake. Wabwire akamshika kwa mkono wa kushoto, wakalia wote wawili, na kesho yake Taban akarudi kazini.

Tajiri wetu, Mzee Gurbachan, alikuja mwenyewe. Alikuwa amekasirika, nadhani pia alikuwa ameogopa. Akasema Wabwire afukuzwe akitoka hospitali, na Taban afukuzwe leo leo. Meneja Navjot alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Mimi nikainua mkono. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba akiwafukuza hao wawili, mafundi waliobaki watajifunza jambo moja tu, nalo ni kuficha. Nikamwambia makufuli kabatini hayamlindi mtu. Kila fundi apewe kufuli lake lenye jina lake, ufunguo ukae mfukoni mwake peke yake, na asiwepo mtu, hata tajiri mwenyewe, wa kulifungua kwa niaba yake. Na mafunzo yasiwe ya kukaa kwenye kiti siku moja na kupewa soda na cheti. Fundi asimame mbele ya boksi, azime, afunge, apime, na hata baada ya kupima asiamini mpaka aijaribu testa yenyewe mahali penye umeme aone bado inafanya kazi.

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

Basi hakuna aliyefukuzwa, na makufuli yakanunuliwa, mekundu. Wiki ya kwanza tu yakatuletea kesi. Navjot alitaka mashine ya kukamua iwashwe haraka, lori linangoja, na kufuli la Odero, fundi mwenzetu, linaning'inia kwenye swichi. Odero mwenyewe ameenda kula na ufunguo anao. Navjot akaagiza msumeno. Nikasimama mbele ya ile swichi, nikamwambia msumeno ukifika ataanza na mimi. Alinikaripia kwa Kipunjabi, maneno ambayo sikuyaelewa nikashukuru. Kisha akatoka nje, akaenda mwenyewe hadi kibandani anakokula Odero, akamrudisha huku bado anatafuna. Odero akachungulia nyuma ya mashine kabla ya kufungua. Huko nyuma alikuwapo mfagiaji, amejipenyeza kukusanya mashudu yaliyomwagika, hakuna aliyemwona akiingia. Tangu siku hiyo Navjot ndiye anayewafokea wasiofunga kufuli, kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Sasa, Baba, nimefika kwenye neno lenyewe. Kaa chini kama umesimama.

Mzee Gurbachan ameamua mafunzo haya yafike Mbale. Kila fundi wa umeme hapo atafundishwa upya na kujaribiwa mbele ya boksi, na asiyepita hatagusa umeme mpaka apite. Mkufunzi anayekuja ni mimi, na tutaanza Jumatatu baada ya hii ya kesho. Hilo labda utalifurahia. Lakini kuna la pili. Aliniita kando akaniambia, "Mzee Wangila mwache. Ni wa siku nyingi, anakaribia kustaafu, na ni baba yako. Wewe sema tu amepita."

Nilikataa, Baba. Jina lako nimeliweka mimi mwenyewe, kwenye kundi la kwanza.

Nimekua nikisikia watu wa Mbale wakisema umeme unamwogopa Wangila. Nilikuwa nakutazama ukigusa waya kwa mgongo wa kidole ili kujua kama una moto, unacheka, na mimi nilijivuna mpaka shuleni. Kazi hii niliipenda kwa sababu yako, na bado naipenda kwa sababu yako. Lakini nimemwona fundi hodari kuliko wote sakafuni, hapumui. Tangu siku ile, Mama akinipigia simu asubuhi, kabla hajasema neno mimi huwa nimeshakuona wewe pale chini.

Nyumbani nitapiga magoti kukusalimu kama siku zote. Kiwandani nitasimama, nawe utasimama mbele yangu na kufuli lako mkononi. Ukigusa waya kwa kidole nitakuondoa mbele ya vijana wako wote, nikuambie uje kesho. Na kesho ukigusa tena nitakuondoa tena. Sitachoka, Baba. Ukaidi huu unajua nimeurithi kwa nani.

Kama una hasira, njoo nayo, lakini njoo. Nimechagua kufuli lako mwenyewe na kuandika jina lako juu yake, wino bado unanukia vidoleni mwangu ninapoandika haya.

Msalimie Mama sana, na dada Christine na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Wasike mpeni chakula, ametoka mbali. Mungu aendelee kukuweka tuonane hiyo Jumatatu kiwandani, saa mbili kamili, na usichelewe.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,

Beverlyne