Gitaa la Mama Elsie: Tunamkumbuka Baba Yetu, Enos Wakhisi

Umetimia mwaka mzima leo, tarehe 9 Agosti 1975, Baba, tangu ugonjwa wa kifua ulipokuzidi nguvu ukatutoka asubuhi ile ya Ijumaa.

Kibuye, kwenye karakana yako ya magitaa, bado wanakuulizia. Juzi mhubiri mmoja alikuja kutoka Port Victoria na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili lililopinda shingo. Jirani alipompa habari za kifo chako, aliketi chini palepale mbele ya mlango wako uliofungwa.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Mteja akikuletea gitaa kavu, lisilo la umeme, uliligonga ubavuni kwa kidole na kusikiliza kabla hata ya kumuuliza jina. Sisi wanao ulitufundisha kuyatofautisha magitaa: la nyuzi za chuma hujengwa imara ndani, ni la densi; la nyuzi za nailoni ni jepesi, sauti yake ya upole.

Leo tunasimulia jambo la mwaka 1968, kwa sababu Mama ametuomba.

Miaka miwili ulikuwa ukimtengenezea Mama gitaa la nailoni, kila Jumapili baada ya ibada. Vanishi ilikuwa ndiyo kwanza imekauka Bwana Zadock, mpigaji wa densi aliyekuwa ameibiwa gitaa lake ukumbini, alipoingia karakanani na askari wawili.

“Ndilo hili,” alisema. “Rangi ni ile ile, umbo ni lile lile. Amebadilisha nyuzi tu.”

Askari walikuchukua pamoja na gitaa, na Mama akawafuata hadi kituoni bila hata kuvaa viatu. “Mimi nilimwona akilichonga,” alimwambia inspekta.

“Mama, wewe ni mke wake,” inspekta alijibu, na hakuandika kitu.

Ndipo ulipogeuka. “Bwana Zadock, lako lilikuwa la nyuzi gani?”

“Za chuma. Miaka mitatu nalipiga kwa chuma.”

“Basi hili si lako. Vijiti vya ndani ni vyembamba, nimelijenga kwa nailoni. Ukiliwekea chuma, daraja hili linaloshika nyuzi litang’oka.”

“Hayo ni maneno ya fundi,” inspekta alisema. “Nionyeshe.”

Mama alielewa kabla ya wote. Akakushika mkono wa shati. “Baba Elsie, hapana.” Hukumtazama. Ulitoa zile za nailoni moja moja, ukafunga za chuma alizokuwa nazo Bwana Zadock mfukoni, kisha ukampa akaze mwenyewe, kwa sauti aliyoizoea. Ukarudi nyuma, mikono mgongoni, mtu yeyote asije akasema umelilazimisha.

Ilikuwa saa nane mchana. Alikaza mpaka uzi wa mwisho, akapiga. Gitaa likaimba vizuri mno. Mama anasema hajapata kusikia sauti nzuri iliyomtisha kama ile.

“Limeshika,” inspekta alisema.

“Lipe muda, Bwana.”

“Mpaka saa kumi. Baadaye nafungua mashtaka.”

Lililazwa mezani. Saa tisa ikapita. Mama alikuwa kwenye benchi, macho kwenye lile daraja. Mbao zililia mara moja, wote wakainama kutazama; hakuna kitu. Bwana Zadock alilikaza tena lilipolegea kidogo. Inspekta alivuta karatasi, akauliza jina lako kamili.

Ulikuwa unatamka “Wakhisi” daraja lilipong’oka. Lilipaa na kipande cha ubao wa mbele, nyuzi zikachapa meza kama kiboko. Askari mmoja alijificha nyuma ya mlango.

Bwana Zadock alivua kofia. “Langu lisingevunjika. Nisamehe, Mzee.” Lake lilipatikana Sondu mwezi uliofuata, na ni wewe uliyeliwekea nyuzi mpya.

Njiani kurudi, Mama alikuuliza, “Na kama lingeshika?”

“Ningekuwa fundi bora kuliko nilivyodhani,” ulisema. “Na mfungwa.” Ukacheka. Yeye hakucheka, na hukujua kwa nini.

Baba, pale kwenye benchi Mama alikuwa akiomba. Miaka miwili alimwomba Mungu aibariki mikono yako juu ya gitaa lile. Mchana ule aliomba lipasuke. Lilipopasuka alishukuru, kisha akaona haya, kana kwamba alikuombea mabaya. Alisema atakwambia kesho. Kesho ikawa miaka sita, kisha ukaugua, naye akaogopa kukuongezea uzito. Leo ameketi hapa akitutajia maneno, sisi tunaandika. Anasema: “Mwambieni ni mimi niliyelivunja.”

Wanaokukumbuka ni mkeo Jentrix Nabalayo, wanao Elsie, Dishon na Maximilla, ndugu yako Wasike, wajukuu wako, na mafundi wenzako wote wa Kibuye.

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba, siku zote tutakazoishi.