Dawa Isiyoacha Doa

Siku ya kwanza ya juma, 5 mwezi wa tatu 1956

Miezi kumi na moja tangu nitoke Karuba, kwetu Masisi, nije kuchimba huku Walikale. Mvua tangu asubuhi. Nimepasua kuni, nimechemsha chupa, nimeosha mabeseni ya dawa ya zambarau. Vidole vyangu havitakati tena. Tangu jiwe liuponde mguu wangu mgodini wameniweka hapa dispansari, na wenzangu wanacheka: mtu wa Masisi amekuwa mfuaji wa wanawake. Wacheke. Walikale yote imelowa, angalau mimi nina paa.

Dawa hiyo wanapakwa wanawake wenye muwasho ukeni na uchafu mweupe, mzito kama maziwa yaliyoganda. Naujua ugonjwa huo. Mke wangu Furaha alikuwa nao. Mimi sikuwa na mwanamke mwingine, kwa hiyo yeye alikuwa na mwanamume mwingine. Nilimrudisha kwa baba yake Kirolirwe, na mimba yake ya miezi mitatu. Nilisema uani, mbele ya watu wote, kwamba mimba si yangu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi wa nne. Nitasaini mwingine. Sina ninachorudia.

Siku ya nne, 8 mwezi wa tatu

Daktari amerudi na kichupa cha unga wa manjano. Dawa mpya. Inatokana na vijidudu vya udongoni, anasema. Nimechimba udongo karibu mwaka mzima, sikuona dawa.

Mama Sofia, mkunga wetu, ameufurahia. Wanawake wanaikimbia ile ya zambarau kwa sababu inachafua nguo, na waume wanaona. Hii haiachi doa. Shida ni kuifanya ikae ndani. Wakiichanganya na mawese inatiririka mguuni. Daktari aliagiza siagi ya kakao ili watengeneze vidonge vya kuingiza ukeni, vyenye urefu wa kifundo cha kidole. Imefika imekuwa mchuzi. Joto la huku.

Nikasema nta. Sijui kwa nini nilifungua mdomo. Mama yangu alikuwa akitia nta ya nyuki kwenye samli ya kujipaka, isimtiririke juani.

Siku ya posho, Jumamosi, 10 mwezi wa tatu

Wawindaji wa asali wameleta nta, waliyokuwa wakiitupa. Nimeiyeyusha, nimeichuja kwa kitambaa mara tatu, nimeichanganya na ile kakao. Daktari akatia unga. Tumemimina kwenye vipande vya matete vilivyochemshwa, tukavitumbukiza mtoni vipoe. Vikatoka vigumu kama mshumaa.

Kupima kama vitayeyuka mwilini, Mama Sofia ameniamuru niweke kimoja kwapani. Nimekaa nacho tangu misa ya asubuhi hadi chakula. Hakikuyeyuka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wamecheka hadi wakashika ukuta.

"Papa Masisi, kwapa yako iko baridi kama ya chura!"

Nta ipunguzwe. Tulirudia mara nne. Cha nne kiliyeyuka taratibu, kikanichafua shati kidogo tu, na doa likatoka kwa maji. Nilifurahi. Kisha nikajichukia: nafurahi kwa ajili ya malaya.

Siku ya kwanza, 19 mwezi wa tatu

Bahati tulichimba naye shimo moja. Leo amempiga mke wake, jicho limefungwa. Ameona zambarau kwenye nguo yake ya ndani. Wanawake wamemleta huku, Bahati nyuma yao akipiga kelele mlangoni. Alichosema ni nilichosema mimi. Neno kwa neno. Kama aliyekuwa amesimama katika ua ule wa Kirolirwe akisikiliza.

Mama Sofia alitoka na beseni mkononi.

"Weye Bahati, nani alikuambia hii iko ugonjwa ya uzinzi? Hata mama mujane inamushika. Hata binti hajajua mwanaume. Na mwenye mimba njo inamupenda zaidi!"

Beseni nililokuwa nimeshika likaanguka.

Siku ya pili, 20 mwezi wa tatu

Nilimwomba Daktari anionyeshe. Akaweka tone kwenye kioo, nikainamia mikroskopi. Nyuzi na vichipukizi, vidogo, vingi. Nikadhani nitaona alama ya mtu. Hakuna alama ya mtu. Mama Sofia anasema ni chachu, ndugu ya ile inayochachusha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwenye mtumbwi wa kukamulia. Iko mwilini siku zote, imenyamaza. Mimba ikiingia, inaamka.

Mimba. Ilikuwa mimba.

Siku ya tatu

Sikula.

Siku ya nne, 22 mwezi wa tatu

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, kama alizaliwa. Sijui ni wa kike ao wa kiume. Sijui kama anaishi. Furaha hakulia siku ile. Alinitazama tu, akajifunga pagne yake kiunoni vizuri, akaingia ndani kwa mama yake. Nilisema kutolia ndiko kukiri.

Siku ya Mungu, 1 mwezi wa nne

Pasaka. Nilibaki nje ya kanisa.

Siku ya posho, 14 mwezi wa nne

Dawa si kamili. Wengine wamepona, wengine muwasho umerudi, mmoja ilimchoma akaacha. Daktari anabadilisha kipimo cha unga. Mimi nachuja nta mara sita sasa badala ya tatu, isibaki chembe hata moja. Sitaki iwakwaruze.

Mke wa Bahati amepona. Bahati alikuja kunisalimu, nikamweleza nilichoona kwenye kioo. Alikaa chini kwenye matope.

Siku ya posho, 28 mwezi wa nne

Karani alinipa kalamu nisaini mkataba mpya. Nikamrudishia kalamu.

Nilimwomba Mama Sofia vidonge vichache vya kumpelekea Furaha. Alikataa.

"Labda alisha pona. Peleka kwanza kinywa yako."

Siku ya kwanza, 30 mwezi wa nne

Mvua imekatika. Nimemfundisha mtu wa Karuba, jirani yangu hapa kambini, kuchuja nta. Mguu unauma kidogo, utanifikisha.

Kesho naondoka. Natarajia kufika Kirolirwe siku ya Mungu, watu wakitoka misa, wawe wengi uani kama siku ile. Nilichosema mbele yao nitakifuta mbele yao. Kisha nitauliza jina la mtoto.

Nyumbani Karuba nitafika naye, siku atakayoitaja Furaha. Kama hataitaja, sitafika.