Kufukuzana Polepole Hadi Mwazye

Jumapili, 6 Julai 2025

Baridi kali. Nimetoka misa ya kwanza nikarudi kitandani na simu, blanketi hadi puani. Video ya harusi niliyoipiga jana sijaigusa — maharusi watanisubiri. Nimeangalia tena mtandaoni wanavyoeleza jinsi zile sinema za zamani za magari kufukuzana zilivyopigwa. Jamani! Kumbe mara nyingine mwendo wenyewe ni wa pole. Kamera inachukua picha chache kwa sekunde, zikija kuonyeshwa kwa kasi ya kawaida gari linapaa. Wanaifunga chini, karibu na changarawe. Na kwenye buti wanajaza mizigo mizito ili gari likiruka tuta lisidundedunde. Vifuniko vya magurudumu vinang'oka kwenye kona, picha inayofuata vimerudi! Hakuna aliyejali. Hata mimi nisingejali.

Nikafumba macho, nikaiona Pijo 504 ya baba inakata nyika yote ya Ufipa. Nyeupe, buti refu, peke yake. Lazima niipige hii kabla gari halijafa.

Jumatano, 9 Julai

Nimemweleza baba. Nilidhani atanicheka — mzee mzima akimbizwe na Probox! Akauliza tu nani ataendesha. Wewe, nikasema. Akajifanya anakagua kucha zake. Kafurahi huyo, namjua.

Tatizo ni barabara. Ninayoitaka ni ile ya kuingia Mwazye: imenyooka, nyasi za manjano huku na huku, mbingu imeshuka mpaka chini. Na Mwazye yuko baba mkubwa Nestory. Hawasemeshani tangu nikiwa shule ya msingi. Baba aliuza maksai wao wa kulimia, wa wote wawili, bila kumwuliza kaka yake, akanunua Pijo. Halafu bibi akafariki. Baba akaenda msibani na gari hilohilo, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akamwamkia kaka yake mbele za watu — na baba mkubwa hakuitikia. Baba akamzika mama yake, akaondoka, hakurudi tena. Sasa wote wawili wazee. Naogopa mmoja atamzika mwenzake bila neno. Naogopa kweli.

Jioni baba kaja mlangoni kwangu. "Tukifika kwake tunapita," kasema. "Sisimami."

Ijumaa, 11 Julai

Meshack, jirani yetu hapa Izia, kakubali kuja na Probox yake. Atakuwa adui, ingawa roho yake inataka awe steringi. Tayari kanunua miwani ya jua! Magunia matatu ya mahindi kwenye buti, Pijo imekaa chini vizuri. Kamera tumeifunga kwenye ubao mrefu uliotokeza mbele ya boneti. Meshack anasema ubao ukitokeza hivyo lazima uwekwe kitambaa, mtu wa baiskeli asije akajichoma. Nimechana kanga yangu kuukuu nyekundu. Mchana nilisinzia kidogo, barabara ikawa inapita darini.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nimekaa kwenye Pijo, uani kwa baba mkubwa.

Asubuhi ilikuwa nzuri ajabu. Vumbi lilikuwa jingi, nikasema magari yote mawili yawashe taa, zitapendeza. Nikakaa kando ya baba nikimwambia polepole, baba, polepole — huku kichwani mwangu tunaruka. Anatabasamu peke yake. Sijawahi kumwona kijana kiasi kile.

Wa kwanza kutuona alikuwa mtu wa baiskeli. Akashuka, akavua kofia. Nikasema moyoni, watu wa huku wana adabu. Halafu akina mama wa kuni wakatua mizigo, wakachuchumaa. Halafu kilio nyuma yetu, cha mmoja, wengine wakakipokea. Watoto wakatangulia mbio kijijini. Na mimi bado nafurahia picha!

Baba ndiye aliyeelewa. "Silvana," akasema, "umefunga kitambaa chekundu mbele ya gari."

Mungu wangu. Kitambaa chekundu kama cha gari la maiti, taa mchana, mwendo wa mazishi, nyuma kumelemewa, gari la pili linafuata. Na Mwazye nani asiyeijua Pijo hii? Wamedhani Urbano, baba yangu, analetwa kuzikwa kwao. Vioo vumbi tupu, hakuna anayemwona ndani.

Kwa baba mkubwa watu walijaa barabarani. Kupita haikuwezekana. Baba akaingia uani, akazima. Baba mkubwa akatoka pekupeku, mbele hakutazama kabisa, akaenda moja kwa moja nyuma akalilalia buti.

"Wale maksai wangekuwa wameshakufa siku nyingi, Urbano. Mbona hukuja?"

Baba machozi yanamtoka tu, mikono bado iko kwenye usukani. Nami nalia, nataka kumwambia ashuke, siwezi. Akashuka mwenyewe. Watu walivyokimbia! Mama mkubwa Josefina, mke wa baba mkubwa, akaanguka chini. Meshack akaanza kueleza habari za sinema, nani amsikilize. Baba mkubwa akamtazama baba juu mpaka chini, akawatazama wote waliomwona akilia. Akaingia ndani, akakomea mlango.

Watu wamerudi mmoja mmoja. Wengine wanacheka, wengine wanauliza tulitaka kuwafanyia nini. Mama mkubwa kanisema sana, na ana haki. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Meshack kauliza kama tuondoke. Baba kakataa.

Amechuchumaa mbele ya mlango, vumbini. Anapiga makofi yale ya kwetu, ya taratibu, viganja vimekunjwa. Shikamoo, kaka. Anasubiri, anapiga tena. Magoti yale hayafai, najua yanauma. Nilimpelekea kigoda, akanifukuza kwa mkono.

Sasa hivi kapiga tena. Ndani kuna mtu katembea mpaka mlangoni. Hafungui. Ila amekaa chini, upande wa pili — mbao zimelia alipoegemea. Baba naye kasikia. Shikamoo, kaka, anasema tena, kwa sauti ya kuongea na mtu aliye karibu.