Niliiba Sifa za Brauni za Mwanangu

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea salamu zangu na uniazime sikio, maana nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na kila nikitaka kulisema mdomo unakuwa mzito, mimi ambaye kazini wanasema mdomo wangu hauna breki. Naomba msaada wako.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mjane, shule niliishia darasa la saba lakini kwenye kushona usinishike. Niko kwenye karakana ya sare za shule, tuko wanawake kumi na wanne na cherehani kumi na mbili, na kola zangu zinatambulika kwa macho tu, ukiona kola imelala vizuri shingoni jua imepita mikononi mwangu. Lakini sikuandika ili nisifie kola. Nimeandika kwa sababu ya kitinda mimba wangu.

Huyu mtoto ana miaka ishirini na sita, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na sisemi kwa sababu ni wangu, hata angekuwa wa jirani ningesema, anachomelea geti mpaka huoni alipounga. Nimeringa naye kazini hadi wakanibandika jina, wananiita Mama Mageti, na mimi naitika tena kwa sauti. Sasa miezi minne iliyopita tajiri yao alifunga karakana akauza mashine, mafundi wote wakatawanyika, na mwanangu akarudi kukaa na mimi. Hilo sikulisema kazini. Nilishindwa, mshauri. Nitaanzia wapi, Mama Mageti ambaye mwanawe hana geti hata moja?

Basi mwanangu hawezi kukaa mikono mitupu. Siku ya kwanza alifungua oveni yangu iliyokufa tangu uhai wa baba yake akaitengeneza, siku ya pili akasema tuijaribu, akaanza kuoka. Nikamwacha nikijua atachoka. Hakuchoka! Alioka mikate, akaoka keki, mwisho akaangukia kwenye zile keki za chokoleti fupifupi, nzito, za kukatwa vipande vya mraba, vijana wanaziita brauni, na hapo ndipo akili yake ya chuma ilipopata pa kukaa. Chokoleti na siagi anaviyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, hataki viguse moto wenyewe, mayai na sukari anavipiga mpaka vinafura, unga anautia kidogo kama anauonea uchungu, na trei ikishaingia anachuchumaa mbele ya kioo cha oveni kama mtu anayeangalia mpira. Halafu kuna mambo ya juu yake. Anakwaruza ganda la chungwa na la limau, ile rangi ya nje tu, akifika kwenye nyeupe anaacha kwa kuwa ni chungu, anachanganya na maji ya matunda yenyewe na sukari iliyosagwa laini kama unga, anapata rojo zito linalong'aa, keki ikishapoa analimwaga juu linaganda. Ukiuma, kwanza limau linakushtua, halafu chokoleti inakuja polepole kukubembeleza. Keki za harusi nimekula nyingi, na zote zikae pembeni.

Na anaitoa wakati katikati bado inatikisika! Mara ya kwanza nilipiga kelele, "We mtoto, mbichi hiyo!" Akanijibu, "Mama, chuma ukikiondoa kwenye moto hakipoi palepale, kinaendelea kuiva chenyewe. Keki nayo hivyohivyo. Ukingoja iive ndani, umeshachelewa." Nikaguna. Alipotoka kwenda dukani nikairudisha kwenye oveni dakika ishirini, kwa nia njema kabisa. Aliporudi alichukua msumeno wake wa chuma akaikatia, tukacheka mpaka tukashika kuta.

Siku nyingine zilipotoka nzuri nikabeba kopo zima kazini. Kuna mwenzetu anafunga vifungo, tunamwita Redio kwa sababu habari ikiingia kwake imeshatangazwa. Redio akauma, akafumba macho, akasema, "Mama Mageti, hii kaoka nani?" Cherehani zote zikanyamaza. Nikajua nikisema mwanangu, swali litakalofuata ni kwani siku hizi haendi kazini? Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimeoka mimi. Mlidhani mikono hii inajua kola tu?"

Mshauri, nilisifiwa! Redio alisema nimemkosea sana kumficha kitu kama hicho miaka yote. Mwingine alisema akijifungua mtoto wa kike atampa jina langu. Msimamizi wetu, ambaye hajamsifu mtu tangu nimjue, alirudi kwenye kopo mara tatu akijifanya anatafuta mkasi. Nikanogewa. Nikapeleka tena na tena.

Na kila nikirudi nyumbani mwanangu ananiuliza, "Walisemaje, mama?" Nitamwambiaje alivyosema Redio, wakati Redio alikuwa ananisifu mimi? Namwambia tu, "Walikula."

"Walikula tu?"

"Walikula, walishukuru."

Anafuta meza, halafu anasema, "Labda limau limezidi." Kesho yake namkuta anakwaruza machungwa upya, anarekebisha kitu ambacho hakina kasoro. Moyo unaniuma, na kopo nalibeba.

Sasa wiki iliyopita amekuja mama mmoja mwenye mgahawa mkubwa, mteja wetu, alifuata aproni za wafanyakazi wake. Redio akampa kipande. Yule mama alitafuna amesimama, akauliza ni kazi ya nani, Redio akaninyooshea kidole. Akaniambia, "Watu wa chakula ninao, mtu wa vitamu sina. Njoo jikoni kwangu Alhamisi ya mwisho wa mwezi uoke mbele yangu. Ikitoka hivi, kazi ipo." Na mimi huyohuyo nikajibu, "Nitakuja!"

Mwanangu anatafuta kazi miezi minne, imekuja yenyewe, na mimi nimesimama mlangoni nimeiziba. Nikisema ukweli, wenzangu watanicheka mpaka nistaafu na yule mama atatufukuza wote wawili. Nikinyamaza, nimemla mwanangu akiwa hai. Nimewaza nimwombe anifundishe harakaharaka niende mimi, halafu nikishaingia nimvute naye. Nifanyeje, mshauri? Usingizi sina, na kopo liko mezani linanitazama.

Mama Mageti

*

Mama Mageti,

Pole. Sasa kaa chini, maana nitakugombeza kidogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini kwa habari ya msumeno. Mara ya pili nilifika pale kijana anaposema labda limau limezidi, nikaiweka chini nikavua miwani. Mama, hivi ulimsikia mwanao? Mtu amekosa kazi, anafanya kitu kizuri kwa mikono yake, anangoja jioni mtu mmoja amwambie kuwa kinafaa, na mtu huyo ni wewe, na wewe unamwambia "walikula"!

Halafu ulisema uongo kwa kuona aibu. Aibu ya nini? Karakana aliifunga yeye? Mashine aliuza yeye? Umeringia mageti yake miaka yote, siku mageti yalipokwisha ukamficha kama kikombe kilichovunjika mkono. Najua hukukusudia. Najua ulitaka kumlinda asisemwe. Lakini mpaka sasa aliyelindwa ni wewe.

Hilo la kufundishwa harakaharaka lifute kabisa. Mtu aliyerudisha trei kwenye oveni dakika ishirini asitudanganye. Na hata ungeweza, utaingiaje jikoni kwa watu kwa uongo, kisha umwingize mwanao kupitia uongo huohuo, na siku ukijulikana atolewe yeye?

Fanya hivi. Leo, usingoje kesho, mwambie mwanao. Usianze na "unajua nilikuwa nakulinda", anza na "nimekukosea". Kisha mpe sifa zake zote, moja moja, nani alisema nini, na uso wake ulikuwaje. Usibakize hata moja mfukoni. Akikasirika, muache akasirike, ana haki, wewe usilie ili akubembeleze.

Kazini, simama katikati useme wakusikie wote kwa mara moja. Watakucheka siku mbili tatu. Umeshona kola miaka yote hiyo ukiwa umeinama, huwezi kuinama siku tatu nyingine?

Mwenye mgahawa mpigie simu kabla ya Alhamisi. Usimvizie jikoni kwake ukiwa umeongozana na mtu asiyemtarajia. Mwambie wewe ni muongo na mwanao ni fundi, uchaguzi ni wake. Akikubali, wewe nenda ukae kwenye kiti, na huo mdomo usio na breki uutafutie jiwe la kuweka mbele ya tairi. Aulizwe yeye, ajibu yeye.

Mama anayeringia wanawe mimi simkatazi, dunia ina watu wachache mno wa kuturingia. Ringa, mama. Ila kile unachoringia kiwe na jina la mwenyewe.

Mshauri wako

*

Mshauri,

Shikamoo tena, naandika nimesimama, kukaa siwezi.

Nilimwambia siku ileile. Alikuwa ameshika mwiko, akabaki ameushika, chokoleti inadondoka sakafuni. Nilimpa sifa zote kama ulivyosema. Akauliza, "Kwa hiyo limau halikuzidi?" Nikamwambia halikuzidi. "Na msimamizi alirudi mara tatu?" Nikasema, "Mara nne, moja nilimwona peke yangu." Akatabasamu, tabasamu likaondoka, akasema, "Mama, umeniumiza." Nikasema ndiyo. Sikulia. Hakuniongelesha mpaka kesho yake asubuhi, aliponiuliza kama chai yangu itiwe sukari, wakati anajua kabisa natia vijiko viwili.

Kazini nilisimama nikasema. Redio akapiga makofi, "Mimi nilijua! Mtu anayeoka vile anakujaje na kiporo kila siku?" Wakacheka, nikainama. Halafu akanisogelea akanong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona, "Mwenzangu, mume wangu yuko nyumbani mwaka wa pili. Ungeniambia tu."

Yule mama wa mgahawa nilimpigia simu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nilimwita mwokaji. Mlete mwokaji. Wewe ukija, uje kama mgeni."

Alhamisi tukafika, mwanangu kavaa shati nililomshonea, kola sitaisema. Jikoni kuna mpishi mkuu, mtu wa mwili na sauti, kakunja mikono kifuani. Mwanangu akafanya kazi yake kama vile hatuko. Alipoitoa trei, katikati inatikisika, mpishi mkuu akapaza sauti, "Kijana, rudisha hiyo, mbichi!" Watu wote wa jikoni wakageuka. Mshauri, nilikalia mikono yangu miwili. Nilijing'ata ulimi. Na mwanangu akamwambia kwa adabu, "Mkuu, naomba tusubiri."

Tulisubiri saa nzima na ushee. Mwenye mgahawa aliingia mara mbili, akaangalia saa, akatoka. Ikapoa, akamwaga rojo, likatulia, ndipo akakata, kila mkato anafuta kisu kwa maji ya moto, vipande vimesimama kama vigae. Ndani imeiva, laini, inang'aa. Yule mama akauma. Akachukua cha pili akampa mpishi mkuu, naye akala chote, akajifuta vidole akauliza, "Hivi vilivyobaki ni vya nani?"

Jiko zima likacheka. Yule mama akamwambia mwanangu, "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa. Na usije ukanibadilishia hilo limau."

Tukatoka, nimefunga mdomo, nakwambia kifua kinataka kupasuka. Mlinzi wa mlangoni akatuuliza, "Vipi, mama, mmefanikiwa?" Nikamtazama mwanangu. Alitembea hatua mbili tatu, akasimama, akasema bila kugeuka, "Mwambie, mama."

Nilimwambia mlinzi. Nikamwambia muuza magazeti, nikamwambia dada aliyekuwa anafagia mbele ya duka la dawa, nikamsimamisha na mzee mmoja mwenye mwavuli ambaye hakuniuliza kitu. Niliwaambia wote jina la mwanangu, jina lake kamili na la baba yake, na mwanangu amesimama pembeni na trei yake tupu, anacheka, ananingoja nimalize.