Dosie Uliyoitoa Mezani

Mansa, Zambia

Kaka Zakaria,

Salamu nakupa, maana Mama alitulea tukijua kwamba hata mtu mliyegombana naye humpiti njiani bila neno. Watoto wako wanaendeleaje? Malaria ya wifi yangu Odette imepoa? Na Mama, bado anashuka mwenyewe shambani Nyakabere, au magoti yamemkatalia? Mimi ni mzima. Mvua zimeanza huku, udongo ni mwekundu, watu wanasema Kibemba, na mimi nakisema kwa namna inayowachekesha. Basi, salamu zimekwisha.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Mama Feza, yule mchuuzi wa vitenge anayepanda meli ya Mpulungu. Niliisoma nimesimama. Unasema watu wa bonde la Ruzizi wanarudi kutoka ukimbizini na kukuta mihogo imekunja majani, imedumaa, chini haina kitu. Unasema kuna wafadhili tayari kusaidia. Hapo sina neno. Lakini halafu unaniomba nikunakilie daftari langu lote la mihogo, na niandike kwa saini yangu kwamba kazi ile niliifanya chini ya uongozi wako. Unamalizia hivi: "Unajua mwenyewe, kwa points zako hawatakusikiliza."

Siku tatu nimekaa na sentensi hiyo. Sasa nakujibu, na utanisoma mpaka mwisho.

Ndiyo, nilipata satisfaksyon, daraja la chini kabisa la kufaulu. Miaka yote mitatu ya agronomia, satisfaksyon, na mwaka wa pili niliipata kwa kurudia mitihani. Siku ya kusomwa matokeo ulikaa mstari wa mbele na suti yako ya mtu wa distinksyon, na jina langu liliposomwa uliinama ukaanza kufunga kamba za viatu. Viatu vyako siku ile havikuwa na kamba, Kaka. Nilikuona.

Hata hivyo nilikuamini. Uliniambia nikuletee dosie yangu, kwa kuwa pale biro yenu, ofisi ya kilimo ya Uvira, walikuwa wanatafuta mtu wa kuzungukia vijiji. Nilikuletea diplome, barua ya paroko na picha mbili. Nikangoja msimu mzima wa mvua. Kila nikikuuliza, unasema, "Shefu bado hajasoma." Mwisho nilikwenda mwenyewe. Sekreteri wenu, yule mama wa mashine ya kuandika, alinihurumia.

"Dosie yako haiko, mwanangu."

"Iko wapi?"

"Kaka yako aliitosha ku meza ya shefu. Alisema: huyu iko wa satisfaksyon tu, atatuletea haya. Siku ile ile akaleta ya ndugu ya bibi yake."

Basi yangu uliiondoa, ukaweka ya shemeji yako. Nilikuja moja kwa moja kwako. Wifi alikuwa anamimina chai. Nilikuuliza mbele yake, nawe hukukana. Ulisema, "Weye hauelewi. Minye nilikulinda. Ungeshindwa ile kazi, watu wangesema nini?" Nikakuuliza, "Watu, ao weye?" Ukanionyesha mlango. Wifi alibaki ameshika birika, chai ikifurika kwenye kikombe.

Nilirudi Nyakabere na diplome yangu kwenye mfuko wa plastiki, na Mama akanipa jembe. Ndio mwaka mihogo ilianza kuugua kwa nguvu. Watu walisema ni sumu ya baruti, wengine walisema ni laana ya damu iliyomwagika. Mimi nilijua kidogo tu, yale niliyosoma kwa tabu: kwamba ugonjwa ule unabebwa na inzi weupe wadogo walio chini ya jani, na unasafiri pia ndani ya kijiti unachokata kupanda. Lakini shangazi Venansia wa Kiringye, asiyejua kusoma, ndiye aliyenifundisha kuangalia. Alinipitisha shambani kwake, akashika mti mmoja uliosimama kijani katikati ya iliyougua, akasema, "Huyu jirani zake wote wamekufa, yeye haugui. Muulize sababu."

Nikaanza kuuliza. Niliacha kusubiri biro. Nilitembea Kiringye, Nyakabere, nikapanda mpaka Rurambo kwa wafugaji, ambako kina mama walikuwa na mihogo michache kando ya mazizi. Kila mti uliobaki mzima niliuandika: jina wanaloliita, shamba la nani, umri, majani, ladha ya mzizi. Nikakata vijiti, nikavipanda nyuma ya nyumba ya Mama, vilivyougua nikang'oa, vizima nikavikata tena. Misimu mitatu. Wewe ulipita mara mbili kwa gari la kazi na hukushuka.

Kisha vita ikarudi barabarani. Siku moja, nikishuka kutoka Rurambo na fungu la vijiti kichwani, wenye silaha walinisimamisha kwenye barieri yao. Mmoja alifungua daftari.

"Haya majina ni ya nani?"

"Ni majina ya mihogo."

Alinipiga kofi. "Mihogo iko na majina? Na hizi namba? Ni bunduki ngapi, na ziko kwa nani?"

Walinikalisha kwenye jua mpaka alasiri. Walivua viatu vyangu, wakachana kurasa za daftari kusokotea tumbaku, na mimi nikaziangalia zikiungua moja moja midomoni mwao. Aliyeniokoa ni askari mmoja mwenye sauti ya mtu wa mashambani. Alichukua kilichobaki, akasoma kwa kidole, akauliza polepole, "Huu unaoandika kwamba ni mchungu ila hauugui, ni ule wa shina jekundu?" Nikasema ndio. "Kwetu mama aliupanda," akasema. Akanirudishia daftari. Nilitembea pekupeku hadi Nyakabere nikizisema kurasa zilizochomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, nisisahau. Nilipofika niliandika kabla ya kunywa maji. Mimi, mtu wa kurudia mitihani, nilikosea mistari miwili tu. Nilikwenda tena kuihakiki.

Baada ya hapo jina langu lilikuwa limeshatajwa pale barieri kama la mpelelezi, na Mama mwenyewe ndiye aliyenifukuza niondoke. Ndivyo nilivyofika Mpulungu, kisha hapa.

Usifikiri nilipokelewa kwa ngoma. Mkuu wa kituo cha mbegu, mama mmoja mrefu asiyecheka, aliitazama diplome yangu akakunja uso kama wewe. Nikajua imekwisha. Lakini aliinuka, akanipeleka shambani, akasema nionyeshe miti yenye ugonjwa. Nilimwonyesha. Halafu nikamwonyesha mstari mmoja uliokuwa na kibao cha kusema ni mzima, nikageuza majani ya chini, inzi weupe wakaonekana. Fundi wake alikasirika mbele yangu. Wiki mbili baadaye mstari ule ulikunja majani wote.

Hata hivyo alinipa kazi ya kubeba vijiti, ya kibarua. Nilibeba mwaka mzima. Wenye digrii waliniita Mkongomani wa jembe, na Kiingereza changu walikiigiza wakati wa kula. Kisha mkuu akanitaka niandike ripoti; ya kwanza alinirudishia imejaa wino mwekundu. Nikaandika tena. Ya pili ikarudi. Ya tano akaiweka mezani kwake, na haikurudi. Leo mashamba ya mbegu ya kituo hiki ninayasimamia mimi, na wawili kati ya wale waliokuwa wakinicheka wananiletea ripoti zao nizisahihishe. Sikuandikii hili ili ufurahi nami. Naandika ili ujue kwamba hukuwa na mkono ndani yake.

Nitakuwa mkweli pia upande mwingine. Katika vita ya kwanza, nilipokuwa na jeraha mguuni, ulinibeba mgongoni kutoka Nyakabere mpaka ng'ambo ya Ruzizi, na hukunitua hata ulipotapika kwa uchovu. Sijasahau. Ndiyo maana ile dosie iliniuma zaidi. Kama ungekuwa mtu wa kunitupa tangu mwanzo, ningekuwa nimezoea.

Sasa jibu. Daftari sikupi. Saini sikupi. Siku ya kwanza nilifikiri nisitume chochote, bonde zima livune hasira yangu. Siku ya pili niliwakumbuka wanawake wanaorudi wakiwa na watoto wa kuchemshiwa majani bila mzizi. Nikaenda kwa mkuu wangu. Alinisikiliza, akaniandikia karatasi ya ruhusa, na tumefunga vijiti vizima, mafungu mengi, kwenye magunia yaliyolowanishwa. Mama Feza anasafiri navyo kwenye meli ileile iliyoibeba barua hii, naye hatakukabidhi barua mpaka atakapokuwa amekwisha kuvifikisha Nyakabere.

Vimeandikwa kwa jina la Mama na kikundi cha wanawake wa parokia. Shangazi Venansia ndiye atakayegawa. Maelezo nimeyaandika kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na binti wa katekista atawasomea. Kila atakayepewa, akivuna atampa jirani vijiti kama alivyopewa. Kina mama wote watakuwa wameambiwa na Mama Feza kwamba mtu wa biro akija kutaka vijiti hivyo au majina yao kwenye karatasi yake, wamjibu kwamba vina mwenyewe. Ukienda kama mkulima, chukua jembe ukapange mstari na wengine. Shangazi atakuonyesha pa kukata.

Nisalimie wifi Odette, na umwambie sina kinyongo naye. Nisalimie shangazi na nyumba yake yote pale Kiringye. Yule mama wa mashine ya kuandika usimguse kwa sababu ya niliyoyasema. Nikisikia amefukuzwa, nitamwandikia shefu wako, na safari hii ataisoma. Watoto wako wabusu kwa niaba yangu. Wao hawana kosa, na wakileta matokeo ya kati nyumbani, waangalie usoni.

Mama alituma niulizwe kama nimekusamehe. Nimemjibu kwa kinywa cha Mama Feza kwamba bado. Usimsumbue tena mwanamke mzee kwa swali ambalo ulipaswa kuniuliza wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Konsolata